Namna ya Kuitunza Nyumba ya Chuma na Vioo: Darasa la Nyumba ya Charles na Ray Eames

Nyumba ambayo Charles na Ray Eames, mume na mke waliokuwa wabunifu wa Kimarekani, walijijengea katika eneo la Pacific Palisades, jijini Los Angeles, na kuhamia mwishoni mwa mwaka 1949, imeundwa kwa vitu vya kuagizwa kiwandani: nguzo za chuma zenye upana wa inchi 4, boriti za chuma za wavu, madirisha ya chuma, mabati, plaiwudi na vibao vya kujazia kuta. Haina jiwe la kuchongwa wala nakshi ya mbao. Ndiyo maana wengi wanaokabidhiwa nyumba za aina hii hudhani kazi ni nyepesi, kwamba kilichoharibika king'olewe na kingine kinunuliwe. Mimi nashika njia nyingine. Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba, fundi au msanifu majengo kijana aliyekabidhiwa nyumba ya chuma, zege na vioo ya miaka ya 1940 hadi 1960, na nimeichagua nyumba ya Eames kwa sababu ni miongoni mwa nyumba chache za aina hiyo ambazo utunzaji wake umechunguzwa kwa kina.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba uzuri wa nyumba hizi umo katika wembamba wake. Nguzo ni nyembamba, kingo za paa ni nyembamba, vyuma vinavyoshika vioo ni vyembamba. Ukarabati wowote unaonenepesha kitu, hata kwa sentimita mbili, unaondoa kile kilichoifanya nyumba istahili kutunzwa.

Ijue nyumba kabla hujaigusa

Anza kwa kuuliza kila kitu kimefikaje pale kilipo. Nyumba ya Eames ilizaliwa katika mpango uliotangazwa Januari 1945 na jarida la Arts & Architecture, lililokuwa chini ya mhariri John Entenza, mpango uliowaalika wasanifu wabuni nyumba za mfano kwa ajili ya Marekani iliyokuwa inatoka vitani, wakitumia vifaa na mbinu za viwandani. Nyumba hii ilipewa namba 8. Mchoro wa kwanza, alioufanya Charles Eames pamoja na msanifu mwenzake Eero Saarinen, ulikuwa wa nyumba iliyochomoza kutoka kwenye kilima na kuning'inia juu ya uwanda wa nyasi, ikiitazama bahari ya Pasifiki. Baada ya vita vifaa viliadimika na chuma kikachelewa. Katika miaka hiyo ya kusubiri, Charles na Ray walizoea kwenda kukaa kwenye uwanda ule, wakaupenda kiasi kwamba hawakutaka tena kuuwekea jengo juu yake. Mchoro ukabadilishwa: nyumba ikasogezwa ubavuni mwa kilima, nyuma ya safu ya mikaratusi iliyokuwapo tayari, na ukuta wa zege wa kuzuia udongo wenye kimo cha futi 8 ukajengwa mgongoni mwake.

Historia hii ni ya lazima kwa mtunzaji. Mtu asiyeijua anaweza kuikata mikaratusi ili bahari ionekane vizuri, akidhani amewafanyia hisani wenye nyumba, kumbe vivuli vya majani vinavyochezacheza juu ya vioo na vibao vyeupe, vyekundu, vya buluu na vyeusi ni sehemu ya nyumba sawasawa na nguzo zake.

Kisha pima. Chukua futi ya fundi na daftari, upime hatua kwa hatua mpaka uione hesabu iliyotumiwa na msanifu. Katika nyumba ya Eames hesabu hiyo ni futi 7 na nusu, yaani karibu mita 2.3, kutoka nguzo hadi nguzo. Nafasi 8 za namna hiyo ni makazi, 4 ni ua ulio wazi, na 5 ni karakana ya kazi. Upana ni futi 20 na kimo ni futi 17. Ukishaipata hesabu ya nyumba yako, utatambua mara moja kilichoongezwa baadaye, kwa maana nyongeza karibu kila mara huvunja hesabu. Piga picha za kila ukuta, ndani na nje, kabla hujasogeza hata kiti. Mnamo mwaka 2011, vitu vya sebule ya Eames, zaidi ya 1,800, vilipohamishiwa kwa muda katika jumba la makumbusho la LACMA ili vioneshwe kwenye maonesho ya usanifu wa California, kila kimoja kilipaswa kurejeshwa mahali pake baadaye, hadi vijiti na kokoto. Kazi hiyo haiwezekani kwa kutegemea kumbukumbu ya kichwani.

Yafuate maji

Nyumba hizi zina paa la bapa, au lenye mteremko mdogo mno, na sakafu ya zege iliyolazwa karibu na ardhi. Kwa hiyo maji huishambulia kutoka juu na kutoka chini, na uharibifu wa chini ndio unaochelewa kuonekana.

Juu, panda paani mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya mvua na mara moja katikati ya msimu wake, saa chache baada ya mvua kukatika. Tafuta mahali maji yaliposimama, uzungushie alama ya chaki. Ondoa majani kwenye mifereji na kwenye matundu ya kutolea maji. Nyumba iliyo chini ya miti, kama ilivyo ya Eames chini ya mikaratusi, inahitaji kusafishwa mara nyingi zaidi, maana majani hayo ni makavu, marefu na hujisuka kama mkeka mdomoni mwa bomba. Usikubali kujengewa paa jipya la mteremko juu ya lile la bapa. Naelewa kishawishi chake, hasa kwetu ambako mvua za masika hazina huruma, lakini paa la bapa linalovuja linatibika kwa kuvua utandazo wa zamani, kurekebisha mwinuko mdogo wa kupeleka maji kwenye tundu, na kutandaza upya. Kingo za paa zibaki na unene ule ule.

Chini, jaribu unyevu wa sakafu kwa njia rahisi. Kata karatasi ya nailoni ya upana na urefu wa nusu mita, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi kingo zote nne zisipitishe hewa, uiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa chini au zege limegeuka jeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini, na hakuna kigae wala rangi itakayodumu hapo mpaka uzuiwe. Sebule ya Eames ilipokuwa tupu, vigae vyake vya zamani, vilivyochakaa na vyenye asbesto (nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu), viling'olewa na wataalamu, zege likawekewa kizuizi cha unyevu, na ndipo vigae vipya vya sura ile ile vikawekwa. Angalia mpangilio huo: kwanza chanzo, kisha sura.

Hapa ni lazima niseme kwa nguvu zote kuhusu sumu. Vigae vya sakafu, mabati ya saruji, vibao vya kuta na gundi za miaka ile mara nyingi vina asbesto, na rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi. Usivunje, usikate kwa msumeno, usipige msasa mkavu, usichome kwa moto. Peleka kipande kidogo maabara kwanza. Kigae chenye asbesto ambacho ni kizima na hakitikisiki ni salama zaidi kikiachwa pale kilipo kuliko kung'olewa na kibarua asiye na kinga.

Madirisha ya chuma

Hii ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Niliwahi kuitwa kuangalia nyumba moja katika pwani ya Tanzania, iliyojengwa miaka ya 1950, siku mbili baada ya mafundi kung'oa madirisha yake ya chuma na kuweka ya alumini. Sebule ambayo niliikumbuka ikiwa na mwanga hadi ukuta wa mwisho ilikuwa na kiza cha pembeni, kwa kuwa kila fremu mpya ilikuwa na upana wa karibu kiganja changu mahali palipokuwa na chuma kisichofikia upana wa vidole viwili. Fremu za zamani zilikuwa zimeegemezwa chini ya mwembe. Nilichutama, nikazigonga moja moja kwa ufunguo. Vyuma vya juu na vya ubavuni vililia vizuri, kwa sauti ya kengele. Chuma cha chini tu, mahali maji yanapotuama, ndicho kilichotoa sauti ya kufa na kumwaga unga wa kutu. Madirisha kumi na moja yalitupwa kwa ajili ya vipande ambavyo fundi wa kuchomelea angevibadilisha kwa siku chache.

Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo inapovimba ndani ya fremu husukuma kioo mpaka kinapasuka, na watu hulaumu kioo. Nyumba ya Eames, iliyo karibu na bahari, hupokea hewa yenye chumvi kama inavyopokea nyumba ya Mombasa au Tanga, na chumvi hulifanya tone dogo la maji lile chuma haraka. Basi tengeneza hivi.

Gonga kila chuma kama nilivyoeleza, na uweke alama palipooza. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, tandaza nailoni chini, loweshea rangi ya zamani, kisha ukwangue kwa mkono kwa kisu butu na brashi ya waya, huku ukifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Usitumie moto, kwani utapasua kioo na kupandisha moshi wa risasi puani mwako. Kwangua palipoharibika tu. Rangi iliyoshika vizuri iache, kwa kuwa inakinga chuma na inahifadhi historia. Chuma kikishakuwa wazi, kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili au tatu, ukikifuta kila mara. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo sababu ya rangi mpya kufumuka katika mwaka wa kwanza, kwani chumvi iliyofungiwa chini ya rangi huendelea kula. Kikaushe kabisa, na siku hiyo hiyo, kabla umande wa jioni haujaanguka, kipake rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Chuma kisilale uchi hata usiku mmoja.

Puti ya kubanisha kioo iwe ile ya vyuma. Puti ya kawaida ya mbao hukauka kwa mafuta yake kunywewa na mbao, na chuma hakinywi kitu, hivyo hubaki laini kwa miezi kisha hupasuka. Ilaze kwa mteremko ili maji yatiririkie nje, usubiri ifanye ngozi, ambayo huchukua wiki moja au zaidi, ndipo upake mikono miwili ya rangi. Mkono wa mwisho uvuke puti na kupanda juu ya kioo kwa kiasi cha milimita 2. Mstari huo mwembamba juu ya kioo fundi mgeni huuona ni uchafu na kuukwangua kwa wembe. Kumbe ndio unaoziba mwanya ambao maji yangepitia. Mwishowe zibua vitundu vidogo vya chini vya kutolea maji, na utie bawaba mafuta badala ya rangi.

Kioo cha zamani kisichopasuka kibaki. Katika nyumba ya Eames vipo vioo vya wazi, vipo vyenye waya ndani, vipo vinavyopitisha mwanga bila kuonesha sura, na kila kimoja kiliwekwa kwa kusudi: mahali pa kutazama nje na mahali pa kupokea kivuli tu. Ukibadilisha vyote viwe vya aina moja, umefuta mawazo ya waliojenga. Chora ramani ya vioo vyako kabla kimoja hakijavunjika.

Rangi

Usichague rangi kwa kutazama picha za zamani, kwa maana picha hudanganya na rangi huzeeka. Taasisi ya Uhifadhi ya Getty, iliyoanza mwaka 2012 mpango wake wa kuhifadhi usanifu wa kisasa na kuifanya nyumba ya Eames kuwa mradi wa kwanza wa uwandani, ilitumia njia ya kufukua rangi tabaka kwa tabaka. Nawe unaweza kuifanya kwa subira. Chagua mahali ambapo mvua na jua havifiki, nyuma ya bawaba au chini ya ukingo. Kwa wembe mkali na kioo cha kukuzia, fungua kidirisha kisichozidi ukubwa wa ukucha, ukiondoa tabaka moja huku ukiacha pembe ya kila tabaka ionekane, hadi ufike kwenye chuma. Yaandike kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu. Rangi ya kahawia nyekundu ya chini kabisa kwa kawaida ni ya msingi, si ya nyumba, kwa hiyo usiichukue kuwa ndiyo ya awali. Fanya hivyo mahali pengi, kwa sababu kidirisha kimoja hakitoshi kuwa ushahidi.

Mbao, mwanga na vitu vya ndani

Ukuta mrefu wa sebule ya Eames umefunikwa kwa mbao za jamii ya mkaratusi kutoka Australia, hivyo mikaratusi ya nje ina ndugu yake ndani. Mbao za namna hiyo hufifia juani na kukauka karibu na vioo. Pangusa kwa kitambaa kikavu kilaini. Ukitaka kusafisha zaidi, jaribu kwanza nyuma ya kabati, na usipake vanishi inayong'aa juu ya mbao ambayo haikuwa nayo.

Mwanga ni neema na adui wa nyumba ya vioo. Utando mwembamba wa kuchuja miale ya jua inayofifisha rangi, ukiwekwa upande wa ndani wa kioo, huokoa vitambaa, vitabu na picha bila kubadili sura ya nyumba, mradi uchague usio na rangi. Mapazia yavutwe saa za jua kali. Vitu ambavyo Charles na Ray walivikusanya, blanketi, makombe, vikaragosi, hadi kichaka kikavu walichokiokota safarini mwaka 1941 na kukitundika darini, si mapambo ya kupangwa upya kila wageni wanapokuja. Charles alifariki tarehe 21 Agosti 1978, na Ray tarehe ile ile mwaka 1988, na sebule imetunzwa kama walivyoishi ndani yake. Nyumba ilitambuliwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa la Marekani mwaka 2006, lakini kazi ya kila siku inafanywa na wakfu ulioanzishwa mwaka 2004 na Lucia Eames, binti wa Charles, wakfu uliojipangia kuitunza kwa miaka 250. Mtu anayefikiri kwa miaka 250 hachagui rangi ya bei rahisi.

Viwanja na moto

Miti mikubwa inayozeeka karibu na vioo ikaguliwe na mtaalamu wa miti kila mwaka. Matawi yaliyokufa yashushwe, na miche ipandwe mapema ili mti ukianguka mrithi wake awe amekwisha kupata kimo. Majani makavu na takataka zisilundikane ukutani wala paani.

Moto ulioanza Pacific Palisades tarehe 7 Januari 2025 uliteketeza maelfu ya majengo ya eneo hilo. Nyumba ya Eames haikuungua, lakini moshi uliingia, na usafishaji wa ndani na nje ulichukua miezi hadi ilipofunguliwa tena mwezi Julai mwaka huo. Ikiwa nyumba yako imepatwa na moshi, usikimbilie ndoo na sabuni. Masizi yakiloweshwa huzama katika mbao, zege na vitambaa yasitoke tena. Nyonya kwanza kwa mashine yenye kichujio cha vumbi laini, bila kusugua, kisha pangusa kwa sifongo kavu maalumu ya masizi kutoka juu kwenda chini, ukikata upande uliochafuka, na mwishoni kabisa ndipo utumie maji, kidogo, kwenye chuma na vioo tu. Masizi huwa na asidi, kwa hiyo bawaba, vitasa na skrubu visafishwe mapema, kabla havijaanza kuliwa.

Daftari la nyumba

Kila unachofanya kiandike siku hiyo hiyo: tarehe, mahali kwa kuhesabu nafasi za nguzo kutoka mlango mkuu, aina ya rangi au puti, jina la fundi, hali ya hewa, na sababu ya kufanya hivyo badala ya vinginevyo. Bandika humo karatasi ya kopo la rangi, na uhifadhi kichupa kidogo cha rangi yenyewe, kilichofungwa vizuri, mahali pa giza. Weka kifuko chenye kipande cha kila kitu ulichoondoa, kigae, puti ya zamani, ncha ya chuma kilicholiwa, kila kimoja na lebo yake, isipokuwa vile vyenye asbesto, ambavyo vitabaki katika picha na majibu ya maabara. Daftari lenyewe likae ndani ya nyumba, kwenye kabati lisilofikiwa na jua, na nakala yake ikae kwa mtu mwingine.